Spadina kwa Pochi Nyepesi

Bei iliyobandikwa mlangoni mwa mgahawa wa Toronto si bei utakayolipa. Kwa mtu aliyezoea Dar es Salaam au Nairobi, ambako kodi ya ongezeko la thamani imeshamezwa ndani ya bei, hili ndilo linalomkwaza kwanza. Tuseme bakuli la supu ya tambi limeandikwa dola 16 (dola zote humu ni za Kanada). Serikali inaongeza asilimia 13, yaani dola 2.08. Kisha mhudumu anakuletea mashine ya kadi, nayo inakuuliza bila haya kama ungependa kuacha bakshishi ya asilimia 15, 18 au 20, na mara nyingi inapiga hesabu juu ya jumla iliyokwisha kuwekewa kodi. Ukibonyeza 18 umelipa dola 21.33 kwa supu ya dola 16. Hapo hujanywa hata soda.

Kwa hiyo anayekwenda Chinatown mara ya kwanza na noti moja ya dola 50 asianze kwa kuuliza mgahawa gani ni rahisi. Aulize nini kinatozwa kodi, nini kinadai bakshishi, na nini hakidai chochote. Mtaa huu una vyote vitatu, mara nyingine mlango kwa mlango, na mtu anaweza kula vilevile kwa nusu ya bei kwa sababu tu aliingia mlango wa kushoto badala ya wa kulia.

Nauli kwanza. TTC, shirika la usafiri la jiji, linamtoza mtu mzima dola 3.30 akigusisha kadi ya Presto au kadi yake ya benki, na malipo hayo yanadumu saa mbili: panda, shuka, geuka, panda tena, hukatwi kitu mpaka saa mbili ziishe. Watoto wa miaka 12 kushuka chini hawalipi. Ipo pia tiketi ya siku nzima ya dola 13.50, na wageni huikimbilia wakidhani ndiyo nafuu, lakini inahitaji nauli tano ndipo ikulipe. Siku ya Chinatown ni kwenda na kurudi. Achana nayo. Tramu namba 510 inateremka Barabara ya Spadina kutoka stesheni ya Spadina na kukushusha Dundas, katikati kabisa ya mtaa. Ukitokea njia nyingine, shuka treni ya chini ya ardhi St. Patrick, utembee kuelekea magharibi dakika kama kumi. Utapita mbele ya Art Gallery of Ontario, jumba la sanaa ambalo kiingilio chake kingekula sehemu kubwa ya noti yako, ila kama ni mkazi wa Ontario na hujafikisha miaka 25 unaingia bure.

Kifungua kinywa kipate kwenye duka la mikate la Kichina, yale yenye makabati ya kioo ambapo unachukua sinia na koleo ukajihudumia. Kuna skonzi zilizojazwa nyama tamu, mikate yenye gamba la sukari juu, na vile vikeki vya mayai: kikombe kidogo cha unga chenye kastadi ya njano inayotikisika ikiwa bado moto. Hapa sheria ya kodi ya Kanada ina vituko vyake, na anayevijua hula navyo. Vitafunwa vitamu vya kuoka vikinunuliwa chini ya sita vinatozwa kodi. Vikifika sita vinahesabiwa kama chakula cha kupeleka nyumbani, kodi sifuri. Upande wa pili, Ontario inasamehe sehemu yake ya kodi kwa chakula kilicho tayari ambacho jumla yake haizidi dola 4, hivyo inabaki asilimia 5 tu. Tuseme kikeki kimoja ni dola 2. Viwili utalipa 4.20. Vitatu vinaruka hadi 6.78. Sita ni dola 12, hakuna senti ya ziada. Anayenunua vitatu hadi vitano ndiye anayeumia kuliko wote, na ajabu ni kwamba wengi hununua vitatu. Hii ni kwa duka la kuchukua na kuondoka. Penye meza na wahudumu, hesabu ni ya mgahawa. Risiti isome palepale, usiikunje kwanza.

Beba noti. Baadhi ya maduka ya mtaa huu hayapokei kadi kabisa, na mashine za kutolea pesa zilizosimama vichochoroni zinakata ada ya dola kadhaa kwa kila unapochota. Hapo kikeki chako cha dola 2 kimekwisha kuwa cha dola 5. Usishangae kuona hesabu ya taslimu ikizungushwa kwenda senti tano za karibu: Kanada iliacha kusambaza sarafu ya senti moja Februari 2013.

Mchana ndio wenye mambo, kwa kuwa kuna njia nne za kushiba na kila moja ina mtu wake.

Ya kwanza ni bánh mì, mkate mrefu wa Kivietinamu wenye nyama, karoti za siki, tango, dhania na pilipili mbichi. Umefikaje kwa Wachina? Wengi wa wakimbizi waliotoka Vietnam baada ya vita kwisha mwaka 1975 walikuwa wa asili ya Kichina, wakaja kufungua maduka pale walipokuta lugha yao. Tuseme mkate ni dola 8. Ukiongeza kodi ni 9.04, bakshishi hakuna kwa sababu hakuna aliyekuhudumia mezani, na unakula umeketi kwenye benchi. Kwa mtu mmoja mwenye njaa ya kawaida, hakuna kinachoushinda.

Ya pili ni maduka ya nyama ya kuchoma, yale yenye bata waliong'aa rangi ya kahawia wakining'inia dirishani. Simama umtazame mkataji. Gogo lake limelika katikati mpaka limekuwa kama sahani, kisu chake ni kipana kama kiganja cha mtu mzima, na hapindi mfupa wala hatafuti kiungo: anapitisha kisu, mfupa na nyama vinaachana kwa mapigo yaliyo sawasawa, kisha analaza vipande juu ya wali kwa ubapa wa kisu hichohicho, vikiwa bado vimeshikana umbo la paja. Juu yake kijiko cha mchuzi wa nyama. Sanduku hilo, tuseme dola 14, litakutoka 15.82, na ni zito kiasi kwamba watu wawili ambao hawakuamka na njaa wanaweza kugawana. Lakini nafuu yenyewe iko kwenye kununua nyama peke yake. Chukua nusu bata, nenda nayo nyumbani, pika wali wako mwenyewe, na watu watatu wamekula. Omba paja, lina nyama kuliko kifua chenye mbavu, na useme mapema kabla kisu hakijashuka. Kwa maoni yangu huu ndio ununuzi bora kuliko wote Spadina, na wageni wengi huupita kwa sababu wanaogopa kuzungumza na mtu mwenye kisu.

Ya tatu ni dim sum, vile vikapu vidogo vya mvuke. Hapa usiende peke yako. Kila kikapu kina vipande vitatu au vinne, bei hupangwa kwa ukubwa, mdogo, wa kati na mkubwa, na jumla yake hupanda kimyakimya kwenye karatasi ya meza wakati ninyi mnasifia kamba. Chai ambayo mgeni huidhania ni ya bure huweza kutozwa kwa kila kichwa, hivyo uliza kabla hujamiminiwa. Watu wanne wakiagiza pamoja wanaonja vitu vingi kwa bei ya kueleweka. Watu wawili wanatoka na tumbo lenye nafasi na risiti ndefu. Watu watano, nao, hugombania kipande cha nne. Migahawa kadhaa hushusha bei kwa wanaofika asubuhi mapema siku za kazi. Tangazo huwa dirishani, nayo ni sababu moja zaidi ya kuja Jumanne badala ya Jumamosi, siku ambayo foleni inafika nje.

Ya nne ni mgahawa wa kuketi, ile supu ya dola 21.33. Iache kwa siku ya baridi kali, ambapo unalipia pia joto na kiti.

Muislamu achunge zaidi ya anavyodhani. Nguruwe hayupo kwenye nyama tu: mafuta yake hutumika katika magamba ya vitafunwa vingi, pamoja na vikeki vya mayai nilivyovisifia, na bata hukatwa kwenye gogo lilelile la nguruwe. Kimbilio ni migahawa ya tambi za nyama ya ng'ombe ya mtindo wa Lanzhou, mji wenye Waislamu wa Kihui tangu zamani. Mingi ni ya halali, lakini si yote, hivyo tafuta cheti ukutani, usiridhike na jina. Njia nyingine ni migahawa ya Wabudha isiyopika nyama wala samaki.

Halafu kuna ile chai ya maziwa yenye punje nyeusi za kutafuna, ambayo kila kijana ameishika mkononi. Punje zile ni wanga wa muhogo. Tuseme dola 7, na kodi inakuwa 7.91, karibu sawa na mkate mrefu uliojaa nyama. Muhogo ghali hivyo sijauona kwingine.

Baada ya kula, tembea, maana kutembea hakuna kodi. Chinatown hii haikuzaliwa hapa. Mchina wa kwanza kuandikwa katika orodha ya wakazi wa jiji ni Sam Ching, aliyekuwa na duka la dobi Barabara ya Adelaide mwaka 1878. Waliomfuata walikuja huku serikali ikiwawekea kodi ya kichwa: dola 50 kuanzia 1885, dola 100 mwaka 1900, dola 500 mwaka 1903. Mwaka 1923 mlango ukafungwa karibu kabisa, haukufunguliwa mpaka 1947. Mtaa wao wa awali ulikuwa Barabara ya Elizabeth, na sehemu kubwa ya mtaa huo ilibomolewa ili kupisha ukumbi mpya wa jiji, majengo mawili yaliyopinda ambayo yalizinduliwa mwaka 1965. Watu na biashara zao wakasogea magharibi hadi Spadina, ambako kabla yao walikaa Wayahudi na viwanda vya nguo. Jiji lilipotaka kubomoa na kile kilichobaki, mwenye mgahawa mmoja, Jean Lumb, alikuwa mstari wa mbele kuwazuia. Mwaka 1976 akawa mwanamke wa kwanza wa Kikanada mwenye asili ya Kichina kupewa nishani ya Order of Canada. Kutoka Spadina hadi ukumbi wa jiji ni mwendo wa miguu wa dakika ishirini hivi, na kuuona kwa nje ni bure.

Bure pia ni maktaba ya Lillian H. Smith, Barabara ya College, kaskazini kidogo ya mtaa, yenye sanamu mbili kubwa za wanyama wa ngano langoni. Nawatajia wageni maktaba hii kuliko mgahawa wowote: ina choo safi, viti, joto, intaneti, na hakuna anayekuuliza umenunua nini. Ndani yake pia umo mkusanyo maarufu wa vitabu vya kale vya watoto. Ukijua pa kwenda haja bila kununua kahawa, umeokoa dola 3 au 4, na mtu anayetembea siku nzima huhitaji choo zaidi ya mara moja.

Sasa mboga, na hapa ndipo mgeni kutoka kwetu anapopata faida asiyoitarajia. Mboga, matunda, mchele, samaki mbichi, mayai: vyote havina kodi, na hakuna wa kumpa bakshishi. Bei ya kibandiko ndiyo bei. Ila soma vizuri, kwa sababu tarakimu kubwa iliyoandikwa kwa wino mwekundu ni ya ratili, si ya kilo. Bei ya kilo imejificha chini kwa herufi za kumtesa mzee. Zidisha kwa mbili na kidogo. Dola 2 kwa ratili ni dola 4.40 kwa kilo, na nyama inayoonekana ya kutupa huacha kuwa ya kutupa.

Kwenye meza zilizopangwa nje, miezi ya joto, kuna fungu la majani ambayo Mtanzania akiyaona husimama. Niliwahi kumkuta mama mmoja ameinama juu yake, anayachambua kwa vidole viwili, akitupa vikonyo vigumu pembeni.

"Shikamoo mama. Haya si matembele haya?"

"Ni matembele, mwanangu," akajibu, kwa Kiswahili cha mashariki ya Kongo. "Usichukue ya juu, yamekauka. Ingiza mkono chini."

Wachina hula majani ya viazi vitamu kama sisi, na mchicha vilevile, wa kijani na ule wenye wekundu katikati. Kwenye maduka ya Kiafrika pembezoni mwa jiji utavipata, mara nyingi vikiwa vimegandishwa. Hapa ni vibichi. Kisamvu na unga wa ugali usivitafute Spadina, hivyo ni vya maduka ya Waafrika na Wakaribi. Dagaa wapo, wakavu, wembamba kama wale wa Zanzibar, lakini hufungwa katika pakiti za gramu chache, kwa hiyo piga bei ya kilo kabla ya kufurahi.

Upande wa matunda, Mzanzibari atakutana na jamaa zake: shokishoki, fenesi, hata doriani mwenye miiba. Wote wamesafiri mbali na bei inaonyesha. Doriani hupimwa mzima, na sehemu kubwa ya uzito huo ni ganda na kokwa ambavyo utavitupa. Pakiti ya nyama yake iliyogandishwa inaonekana ghali kibandikoni lakini unalipia kile tu unachokula. Fenesi chukua kipande kilichokatwa, usibebe zima labda kama una ukoo mzima nyumbani. Jioni angalia mifuko ya matunda na nyanya zilizoanza kulainika, iliyofungwa kwa bei moja. Kubembeleza bei hakusaidii, na foleni nyuma yako haitafurahi.

Mchele unahitaji akili na mgongo. Tuseme mfuko wa kilo 8 ni dola 20 na gunia la ratili 40, kilo 18, ni dola 36. Gunia linakuokolea nusu dola kwa kila kilo, jumla dola 9, nafuu ya kweli. Lakini ukilibeba utashindwa kubeba kingine, na ukiita teksi nafuu imeyeyuka. Ndiyo maana mabibi wa Kichina wote wana vile vitoroli vya magurudumu mawili. Kanunue kitoroli kabla ya gunia.

Vyombo vya jikoni ni sababu ya kutosha kuja hapa hata kama huli chochote. Tap Phong, duka la siku nyingi hapo Spadina, limejaa kuanzia sakafuni hadi darini: karai, sufuria, vikapu vya mvuke, visu, miiko, bakuli. Karai jepesi la chuma lisilopakwa dawa ya kuzuia kushika ndilo la kununua. Litahitaji kupashwa na kupakwa mafuta mara kadhaa kabla ya kukubali, na ukilisahau na maji litaota kutu, lakini lile la kupakwa huanza kubanduka na utalinunua tena. Vyombo vina kodi, kumbuka.

Vuka hatua chache magharibi na uko Kensington Market, mtaa wa vichochoro wenye mitumba mbele ya kila nyumba. Hapa ndipo mgeni wetu anapojiona yuko nyumbani, na ndipo anapopigwa. Mitumba ya Kensington si ya soko la Karume wala Gikomba: imechaguliwa, imefuliwa, imepewa jina la mtindo wa mwaka fulani, na bei yake inalipia uchaguzi huo. Koti la ngozi la miaka ya sabini ni sawa kulitafuta hapa. Koti la kukuvusha Januari usilinunue hapa. Maduka makubwa ya mitumba kama Value Village huyauza kwa wingi, bila mtindo na bila maringo.

Ukiwa mashariki ya jiji huna haja ya Spadina. Kwenye makutano ya Broadview na Gerrard kuna Chinatown ndogo, yenye lango la Kichina lililokamilishwa mwaka 2009 ambalo Spadina haina. Migahawa ni michache na watalii ni wachache. Anayeishi Scarborough yuko karibu zaidi na Wachina wengi kuliko anavyojua, kwa kuwa tangu miaka ya themanini familia nyingi zimehamia huko na kaskazini, Markham, na chakula kikawafuata. Pacific Mall, iliyofunguliwa mwaka 1997, iko upande wa kaskazini wa Barabara ya Steeles, ambayo ndiyo mpaka wa jiji, hivyo basi la TTC linakufikisha kwa zile zile dola 3.30. Kutoka katikati ya jiji ni safari ndefu, tena utakuta vioski vya simu, miwani na vipodozi kuliko mboga. Kwa aliyepanga chumba Scarborough, mboga za kila wiki zipatikane kwenye supamaketi za Kichina za hukohuko, ambazo zina maegesho na nafasi ya kupita na kitoroli. Spadina aje siku moja, kwa ajili ya karai na nusu bata.